Tulivyotafutana na Mama kwenye Barabara ya Garissa

Wengi wenu mmeniuliza safari ya Garissa ilikuwaje, na kila mmoja nimempa jibu fupi: basi lilichelewa, harusi hatukuiwahi, tumerudi salama. Naona jibu hilo haliwatoshi, maana mnaniuliza tena. Nimeona niandike. Mkisoma, sitaziona nyuso zenu, na hilo litanisaidia kusema yote.

Kwa wasiomjua, Mama ninayemtaja humu ni mama mkwe wangu. Hapa Machakos mjini mnamwita Bi Zuhura au Mama Idi. Ni Mkamba aliyesilimu alipoolewa na marehemu baba mkwe, yule aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na msikiti. Mimi nililetwa hapa na ndoa kutoka Mombasa. Miaka hii ya karibuni Mama ameanza kusahau. Huweka sufuria jikoni akaenda kulala, au humwita Idi kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Mume wangu Idi anafanya kazi kiwandani Athi River na hurudi nyumbani mwisho wa juma tu, kwa hiyo aliniomba nimpeleke Mama Garissa, kwa wifi yangu Zena, aliyekuwa akimwoza binti yake. Nikakubali kwa moyo mmoja. Hilo naomba mlijue kabla ya mengine.

Machakos hadi Kithimani

Tulipita njia ya Mwala kwa matatu, na kabla hatujafika Kabaa gurudumu likapasuka. Dereva alikuwa na la akiba lakini hakuwa na jeki, ikabidi tungoje gari lingine lipite. Mimi nilikaa kwenye kivuli cha gari nikipangusa vumbi kwenye buibui langu. Nilipoinua macho, Mama alikuwa akitoka kwenye boma la watu ng'ambo ya barabara na sahani ya viazi vitamu vya kuchemsha, mwenye boma akimfuata na birika la chai. Walikuwa wanacheka kama watu waliolelewa pamoja. Kumbe ndiyo kwanza wanakutana.

Nilimuuliza kwa sauti ya chini kwa nini anaombaomba ilhali tumebeba mikate. Akaniangalia kama mtu asiyeelewa swali. Akasema hakuomba, amesalimia tu. Abiria wote walikula viazi vile isipokuwa mimi. Mama alikuwa na desturi hiyo: akikutana na mtu yeyote humuuliza kwa Kikamba yeye ni mtoto wa nani, ametoka wapi, mama yake alizaliwa wapi. Mjini nilikuwa nimezoea kumkatiza. Njiani sikuweza, maana gari zima lilikuwa likimjibu.

Kithimani, tukingoja basi

Basi la Garissa lilitakiwa kutukuta Kithimani kabla ya adhuhuri. Wakala pale steji akasema limeharibika Thika, linatengenezwa, tusiende mbali. Kila tulipomuuliza tena alijibu hivyo hivyo. Jua lilikuwa kali na soko lilikuwa limejaa, matikiti maji yamepangwa hadi ukingoni mwa lami.

Mama alikaa juu ya begi letu akaanza kazi yake. Kila aliyepita aliitwa. Aliwaita wauza vitunguu, akawaita wavulana wa boda boda na baiskeli zao, akamwita hata polisi aliyekuwa akinunua maembe. Wengine walisimama wakamjibu kwa heshima, wengine walicheka wakapita. Kulikuwa na akina mama wawili wa Kisomali waliokuwa wakingoja basi lile lile, wamevaa vizuri, wametulia, na nikaona wanatutazama. Niliona aibu. Nikamwambia Mama naenda kununua maji, nikavuka barabara, nikaingia hotelini nikaagiza chai na chapati. Maji yalikuwa yakiuzwa hatua chache tu kutoka pale tulipokuwa. Nilivuka ili nisionekane kuwa niko naye.

Nilikunywa chai ile polepole. Nikaagiza ya pili. Nilikaa nikiupa mlango mgongo.

Niliporudi, begi lilikuwa pale pale na Mama hakuwepo.

Bado Kithimani

Jambo la kwanza lililonijia si hofu juu ya Mama. Nilifikiria nitakavyosemwa. Mkwe aliyepoteza mama wa mumewe barabarani, tena akiwa hotelini anakunywa chai. Kwa hiyo sikupiga kelele. Nilianza kuzunguka soko peke yangu, natembea haraka na uso wa mtu anayechagua nyanya.

Mwanamke mmoja muuza ndizi alikuwa ameshaniona nikipita mbele yake kwenda na kurudi. Baadaye nilimjua kwa jina la Mama Wayua. Akaniuliza, "Mama, umepoteza nini?"

Nikasema, "Mfuko."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Lilikuwa rahisi kusema, basi. Nilidhani atanipa pole na kuendelea na ndizi zake. Sikuwajua watu wa soko lile. Mama Wayua alisimama akamwambia jirani yake, jirani akawaambia wenye vitunguu, na nikiwa bado nimeduwaa watu wananiuliza mfuko ni wa rangi gani. Nikasema wa bluu. Una nini ndani? Nikasema nguo za harusi. Kila jibu nililitunga papo hapo, na kila jibu lilikimbia mbele yangu. Wavulana wa baiskeli walienda kuangalia upande wa Matuu na upande wa Thika. Mwenye duka la pembejeo, ambaye ndiye pekee karibu yetu aliyekuwa na simu ya mkono, alimpigia ndugu yake aliye Matuu amwambie aangalie magari yanayoshusha watu huko.

Nami nilikuwa nageuza shingo kila upande, nikimtafuta mtu ambaye hakuna mwingine aliyekuwa akimtafuta.

Kisha nikasikia kelele nyuma ya vibanda. Walikuwa wamemzuia kijana mmoja wa mkokoteni, anaitwa Kioko, kwa sababu kwenye mzigo wake kulikuwa na mfuko wa bluu. Alikuwa akisema ni wa mteja, mteja yuko mbele. Hawakumsikiliza. Walimwaga mzigo chini, wakamvua viatu waone kama ameficha kitu, na mtu mmoja alikuwa ameshamshika ukosi. Mmekaa Kenya, mnajua jambo la namna hiyo huishia wapi likipata watu wa kulisukuma.

Nikajipenyeza katikati yao. Nikasema, "Mwacheni. Hakuna mfuko. Nimempoteza mama mkwe wangu."

Ilibidi niseme tena, kwa sababu waliokuwa nyuma hawakusikia. Mtu aliyemshika Kioko alimwachia. Hakuna aliyenitukana, na ingekuwa nafuu kama wangenitukana. Kioko alianza kuokota mzigo wake bila kuniangalia. Niliinama nimsaidie, akausogeza mkokoteni pembeni ili nisiuguse.

Mama Wayua alinivuta kando. Akaniuliza mama mkwe wangu anaitwa nani. Nikasema Bi Zuhura. Akatikisa kichwa.

"Hiyo ni ya msikitini. Huku nyumbani anaitwa nani?"

Nikasema sijui.

"Babake ni nani? Yeye ni wa mbai gani?"

Mbai ni ukoo. Hilo nilikuwa nalijua. Lakini mbai ya Mama sikuijua, wala baba yake, wala jina aliloitwa utotoni. Nilikuwa nimekula kwenye meza yake tangu niolewe, amenipokelea watoto wangu wote, na sikuwahi kumuuliza swali ambalo yeye humuuliza hata muuza vitunguu asiyemjua. Mama Wayua alieleza bila ukali kwamba nikiwaambia watu wamtafute Zuhura, mzee Mkamba aliyevaa leso, hawatajua waanzie wapi. Wakiwa na jina la nyumbani na ukoo, kila mtu atajua ni nani wa kumuuliza.

Basi ikanibidi nipige simu niliyokuwa naikwepa. Mlinzi wa lango kiwandani alienda kumwita Idi, nami nikangoja kwenye kibanda cha simu, sarafu zikimezwa. Nilimweleza, nikamwomba jina la nyumbani la Mama. Akaniuliza nimempoteza tangu saa ngapi, nikamwambia, akauliza kwa nini nimengoja hadi sasa kumpigia. Nikaongeza sarafu. Mwisho akasema, "Syombua. Anaitwa Syombua wa Kilonzo, ukoo wa Atangwa. Alizaliwa Masinga, huko chini ambako sasa ni maji." Akanikatia.

Kwa Mama Wayua

Jina lile lilipokelewa kama ufunguo. Mama Wayua alimwambia mzee mmoja muuza mbuzi, kwa kuwa naye ni wa Atangwa, naye akatoka mara moja kwenda kuwauliza wenzake kabla soko halijavunjika. Akina mama wa kanisani kwao walikuwa na mazoezi ya kwaya jioni ile, kila mmoja akatoka pale amebeba jina la Syombua kwenda nalo kijijini kwake. Wale akina mama wa Kisomali niliowaonea aibu mchana walipanda basi la Garissa lilipofika, baada ya kuahidi kuulizia kila litakaposimama na kupeleka habari kwa wifi yangu Zena. Mmoja wao aliniambia walikuwa wakitutazama mchana kwa sababu Mama aliwakumbusha bibi yao. Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni Mama Wayua alinichukua kwake. Alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, akaniwekea sahani iliyojaa. Nilisema sina njaa. Akasema nikikataa chakula chake watu watafikiri nimefiwa, na bado hatujafika huko. Nikala. Mume wake aliniuliza tu kama watoto wangu hawajambo. Nilikuwa nangoja wanihukumu, na wao wakawa wananipangia mahali pa kulala.

Asubuhi tulishuka sokoni. Kabla hatujafika, kijana wa baiskeli alikuwa anakuja akitangaza kwa sauti, akisimama kila penye watu. Nilisikia maneno yake tukiwa bado mbali. Alisema kuna mtoto amepotea hapa Kithimani jana, mama yake analia huko Masinga, mwenye kumwona amlete kwenye duka la pembejeo. Mama Wayua akasikitika. Akasema loo, na mtoto tena.

Kijana akasogea. Akasema, "Ni msichana. Anaitwa Rukia binti Salim. Babake ni Salim fundi wa magodoro, Mombasa kule Majengo. Mamake Mwanakombo. Ni mwembamba, iko na alama ya kuchomeka mkono wa kushoto, na anaogopa mbwa."

Nilisimama barabarani na mkono wangu wa kushoto ukiwa ndani ya buibui.

Nikamwambia Mama Wayua, "Huyo mtoto ni mimi."

Kithimani hadi Masinga

Habari zenyewe tulizipata dukani, mwenye simu akizieleza na kuzirudia kwa kila aliyeingia. Muuza samaki mmoja aitwaye Kanini, anayeleta samaki wa bwawani Kithimani na kurudi, alimkuta Mama mchana ule steji akilia. Mama alimwambia binti yake amekwenda kununua maji na hajarudi. Amemngoja sana. Huenda ametangulia nyumbani. Kanini akauliza nyumbani ni wapi, Mama akataja kijiji ambacho Kanini alikisikia tu kwa bibi zake, kwa sababu kilifunikwa na maji ya bwawa. Kanini aliona huyu mzee hawezi kuachwa pale. Aliuliza watu wa karibu kama kuna anayemjua, wakasema hawamjui. Mimi nilikuwa hotelini. Gari lake lilikuwa linaondoka, akamchukua aende naye kwa shangazi yake Kalekye, mmoja wa wale waliohamishwa kutoka bondeni.

Huko Masinga, jioni ile ile, Mama alikataa kula mpaka watu waanze kumtafuta Rukia. Wakaanza. Habari za Rukia zilipanda kutoka bwawani kwa wavuvi na wauza samaki, na habari za Syombua zilishuka kutoka Kithimani kwa wauza mbuzi na wanakwaya, zikapishana usiku watu wakiwa wamelala. Asubuhi zikafika zote mbili dukani kwa mwenye simu.

Nilipanda lori la kubeba mchanga lililokuwa linaelekea Ekalakala. Dereva hakutaka nauli. Alikuwa ameshaambiwa mimi ni nani, na alinitazama kwa pembe ya jicho mara kadhaa. Mwisho akasema alidhani ni mtoto mdogo. Kutoka Ekalakala nilibebwa kwa baiskeli. Kijana aliyenibeba alipokutana na watu njiani aliwaambia, bila kusimama, kwamba huyu ndiye Rukia, amepatikana. Watu walipunga mikono. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alimshukuru Mungu kwa sauti. Na mimi nimeketi nyuma ya baiskeli, mama wa watoto watatu, nimeinamisha kichwa.

Kando ya maji

Nyumba ya Kalekye iko mahali ambapo ukisimama uani unaona bwawa lote. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha miguu mitatu, amefungwa leso ya mtu mwingine, anachambua kunde. Kalekye alinieleza kwamba alimtambua alipotaja jina la babake. Walichota maji kisima kimoja wakiwa wasichana. Walimwonyesha bwawa wakamweleza kwamba kijiji kiko chini. Aliangalia kwa muda, akasema basi Rukia hawezi kuwa kule, hajui kuogelea.

Aliponiona hakunikumbatia. Aliweka kunde chini.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?"

Nikaanza kusema kwamba nilirudi nikamkosa, kwamba nimemtafuta soko zima. Akanikatiza.

"Nilikaa pale pale uliponiacha. Nilikungoja. Ulisema unaenda maji, na maji yalikuwa hapo."

Watu walikuwa wamejaa uani, wengine wamekuja tu kumwona mtoto aliyepotea. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta Mama amechanganyikiwa, nimsamehe mbele za watu, nionekane mkwe mwema. Lakini yale aliyosema ndiyo yaliyotokea, hakukosea hata kidogo. Nikapiga magoti nikamwambia nilimwonea aibu nikamkimbia. Nilisema kwa Kiswahili, sikujua kama wote wameelewa. Kalekye alielewa, akatazama pembeni.

Mama akasema, "Haya. Umekula?"

Tulipewa samaki wa kukaanga na ugali. Nilikula mkono mmoja ukiwa umeshikwa naye, hakutaka kuuachia. Harusi ya Garissa ilifungwa siku hiyo bila sisi.

Kurudi

Kesho yake Idi, aliyeambiwa kwa simu kwamba Mama yuko Masinga, alitukuta huko kwa gari la kuazima na akatuendesha hadi nyumbani. Alinisalimia, akamsaidia Mama kupanda. Tulipofika Kithimani nilimwomba asimame. Alidhani nataka kumshukuru Mama Wayua, na hilo nililifanya, na Mama alimuuliza Mama Wayua ni mtoto wa nani, wakaanza upya.

Mimi nilienda kumtafuta Kioko. Nilimkuta amekaa juu ya mkokoteni mtupu. Nikamwomba radhi. Aliniuliza kama mama amepatikana, nikasema ndiyo, akasema ni vizuri. Kisha akanieleza kwa utulivu kwamba tangu juzi hajapata mzigo. Walioniona nikikiri ni wachache waliokuwa karibu. Walioambiwa habari ya mfuko ni wengi, hadi Matuu, na waliambiwa pia kwamba kijana wa mkokoteni alishikwa. Hawakuambiwa yaliyofuata.

"Usiniombe mimi msamaha," alisema. "Mimi najua sikuiba. Waambie wao."

Nikaenda kwa Mama Wayua nikamwambia ninachotaka. Akaita wenzake. Nilisimama mbele ya matikiti maji nikasema jina langu, nikasema nilidanganya, mfuko haukuwepo, na Kioko hakuchukua kitu cha mtu. Nilirudia kwa wenye vitunguu, na kwa wavulana wa baiskeli, na kwa wakala wa basi. Mwenye simu alimpigia ndugu yake wa Matuu, akanipa simu niseme mwenyewe. Idi alikuwa amesimama karibu na gari, anasikia yote, na hapo ndipo alipojua kwa mara ya kwanza habari ya mfuko.

Njia nzima hadi Machakos hakuna aliyezungumza isipokuwa Mama.

Sasa wageni wakija nyumbani, Mama ndiye husimulia. Husema Rukia alipotea Kithimani, akatafutwa na watu wa sehemu zote, akapatikana, Alhamdulillahi. Nami huleta chai na sibishi neno. Lakini Kioko hayumo kwenye masimulizi yake, kwa sababu hamjui. Ndiyo maana nimeandika. Wengi wenu mna biashara njia ile. Mkipita Kithimani mkasikia jina lake likitajwa kwa ubaya, simameni, mseme kwamba Rukia wa Machakos alidanganya. Mkiona mnanionea haya kulisema, semeni nimewatuma.